Msikiti na Jumuia Yake: Habari za Waislamu wa Machakos na Wajibu Wetu wa Mumbuni

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mumbuni, Machakos)



Halmashauri ya chama imenipa heshima ya kusema nanyi leo juu ya historia ya msikiti na ya jumuia inayokaa kuuzunguka. Nawashukuru kwa heshima hiyo. Najua ya kuwa katika mkutano huu wamo Waislamu na wasio Waislamu, na ya kuwa chama chetu ni cha kusaidiana, hakiulizi mtu anasali wapi. Basi sitahubiri. Nitaeleza mambo yaliyopita, kisha nitawaomba jambo moja ambalo halikubali kungoja mwaka mwingine.

Kwanza nataka tuondoe kosa moja lililozoeleka. Wako watu wasemao kwamba Uislamu katika Ukambani ni mgeni aliyeletwa na watu wa pwani, na kwamba Mwislamu wa Machakos, hata akizaliwa hapa yeye na baba yake, ni mtu wa kupita tu. Neno hili limewaumiza watu wengi. Limewahi kutumiwa katika ugomvi wa viwanja, na limewahi kutumiwa katika posa. Tukiitazama historia tutaona kwamba halina msingi.

Njia ya kutoka bara kwenda Mombasa haikufunguliwa na watu wa pwani peke yao. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Wakamba wenyewe ndio waliokuwa wakuu wa biashara hiyo. Walikusanya pembe za ndovu, wakatelemka nazo kwa misafara mikubwa mpaka pwani, wakarudi na nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Wengine walikaa huko, wakajenga makazi karibu na Rabai, wakajifunza Kiswahili na desturi za pwani. Mwaka 1849, mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Ukambani, aliongozwa na kupokewa na Kivoi, mfanya biashara mashuhuri wa upande wa Kitui, ambaye tayari alikuwa akijulikana Mombasa. Kivoi aliuawa mwaka 1851 katika safari ya kwenda Mto Tana. Baadaye, katika nusu ya pili ya karne ile, misafara ya Waswahili na Waarabu ikazidi kupanda bara na kushika sehemu kubwa ya biashara. Lakini ilipopanda ilipita katika njia ambazo miguu ya Wakamba ilikuwa imekwisha kuzikanyaga. Kwa hiyo mazungumzo baina ya Ukambani na pwani ya Kiislamu ni ya kale, na yalianzwa na pande zote mbili.

Sasa tuje Machakos. Mwaka 1888 kampuni ya Imperial British East Africa ilipewa hati ya kifalme huko Uingereza, na mwaka uliofuata, 1889, ikaweka kituo chake mahali alipokaa Masaku, mzee na mtabiri wa Wakamba. Wageni walishindwa kulitamka jina lake sawasawa, na ndipo tukapata neno Machakos. Mwaka 1892 John Ainsworth alikuja kuwa mkuu wa kituo, na mwaka 1895 Serikali ya Uingereza ikaichukua nchi kutoka mikononi mwa kampuni. Kwa miaka kumi hivi Machakos ilikuwa makao makuu ya utawala wa bara, wakati ambapo Nairobi ilikuwa bado uwanda wa maji ambamo Wamasai walinyweshea ng'ombe.

Kituo kama hicho hakikusimama kwa mzungu mmoja au wawili. Kilisimama kwa askari, wapagazi, wanyapara, wakalimani, wapishi na mafundi. Wengi wao walitoka Mombasa, Unguja na miji mingine ya pwani, na wengi walikuwa Waislamu. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa karibu frasila mbili kichwani au begani, kutoka pwani mpaka hapa na kupita mpaka Uganda. Wengine walikufa njiani kwa kiu na maradhi, na makaburi yao hayajulikani. Wengine kazi yao ilipokwisha hawakurudi. Walioa hapa, wakajenga hapa, wakazaa hapa. Ndivyo vilivyoanza vijiji vya Waswahili kando ya vituo vya Serikali katika bara, tangu Machakos hata Kitui, Nairobi, Murang'a na Mumias.

Kisha ikaja reli. Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896, garimoshi likafika Nairobi mwezi wa Mei 1899, na Kisumu mwaka 1901. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na miongoni mwao walikuwamo Waislamu wengi wa Punjab. Reli haikupita Machakos; ilipita kusini yetu. Mwaka ule wa 1899 makao ya utawala yakahamishiwa Nairobi, na Machakos ikawa mji mdogo wa wilaya. Tena ulikuwa wakati wa njaa kubwa ambayo wazee wetu waliiita Ngomanisye, ambapo mvua zilikosa, maradhi yakaingia, na watu wengi wakakimbilia vituo vya Serikali kutafuta chakula. Hata hivyo, wenye maduka wa Kihindi, Waswahili wa kijijini na Wakamba walioingia katika dini walibaki hapa chini ya vilima vya Iveti, wakaendelea kuishi pamoja.

Waheshimiwa, watu hao walipotaka kukaa waliona mambo matatu hayawezi kungoja: mahali pa kusali, mahali pa kufundishia watoto, na mahali pa kuzikia maiti. Kwa desturi msikiti wa kwanza wa kijiji cha bara ulikuwa nyumba ya miti na udongo, imeezekwa nyasi au madebe yaliyopasuliwa. Kibla chetu ni rahisi kukijua, kwa sababu Makka iko kaskazini yetu, imeelekea mashariki kidogo tu. Basi mjenzi alisimama asubuhi, akaweka jua mkono wake wa kuume, akapiga mstari. Tatizo kubwa lilikuwa maji. Sala haisihi bila ya udhu, na Ukambani ni nchi ya ukame. Kwa hiyo katika misikiti mingi ya bara kazi ya pili baada ya kuta ilikuwa ni kutega maji ya mvua kutoka paani na kuchimba kisima, na majirani wasiosali humo nao waliyateka maji hayo. Mimi nasema kwamba hapo ndipo msikiti ulipoanza kuwa nyumba ya mtaa mzima.

Ndugu zangu, msikiti haukupata kuwa mahali pa sala tu hata siku moja. Msikiti wa Mtume katika Madina, uliojengwa mwaka 622, ulikuwa na kibanda chake ambamo masikini wasio na jamaa walilala na kulishwa. Katika nchi zetu mambo yamekuwa vivyo hivyo. Katika chumba cha nyuma pana chuo, ambamo watoto husoma juzuu. Ukutani pamesimama jeneza, na karibu yake majembe na sepeto, ili msiba usimkute masikini hana kitu. Hapo hufungwa nikahi. Hapo wagomvi hupatanishwa kabla hawajaenda kortini. Mwezi wa Ramadhani hapo huletwa futari kwa wasafiri, na kabla ya sala ya Idi hugawiwa zaka ya fitri, pishi moja ya chakula cha nchi kwa kila mtu wa nyumba. Kwetu sisi ni mahindi au mtama. Mambo haya tunayoyaita leo kazi za maendeleo ya jamii, wazee wetu waliyafanya bila ya kuyapa jina.

Nitatoa mfano mmoja kutoka pwani, kwa sababu unatufaa. Huko Lamu, mwishoni mwa karne ya 19, alikuwako mwanachuoni mmoja aliyetoka Visiwa vya Ngazija, Habib Saleh bin Alawi. Wakati ule elimu ya dini katika mji ule ilikuwa ya watoto wa majumba makubwa. Habib Saleh akawafundisha watoto wa watumwa, wa wapagazi na wa watu wa vibanda vya makuti. Wakubwa wengine wa mji hawakupenda. Yeye hakuacha, na karibu na mwaka 1900 ukajengwa msikiti wa Riyadha, nje ya mitaa ya mawe. Leo chuo cha Riyadha kimetoa walimu waliosambaa katika Afrika ya Mashariki yote, na Maulidi yake huleta watu kutoka nchi nyingi. Nauleta mfano huu kwa sababu msikiti wa bara pia ulijengwa na wapagazi na wapishi, si na matajiri. Tusione haya kwa asili hiyo.

Mfano wa pili ni wa Mombasa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufa mwaka 1947 akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliona ya kuwa Waislamu wanabaki nyuma kwa kukosa elimu na kwa kutosoma kwa lugha yao. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi iliyoitwa Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah, akiwahimiza watu kusomesha watoto wao, wa kike kwa wa kiume. Kazi hiyo ya kuandika dini kwa Kiswahili ikaendelezwa na Sheikh Abdulla Saleh Farsy, ambaye tafsiri yake ya Kurani nzima ilitoka mwaka 1969. Tangu hapo mtu wa Ukambani asiyejua Kiarabu aliweza kusoma maana mwenyewe, bila ya kungoja kuambiwa.

Sasa nageukia upande wa uchungu, nao ni ardhi.

Wakati wa ukoloni sheria iliigawa nchi kwa makabila. Mkamba alikuwa na haki katika hifadhi ya Wakamba. Lakini yule aliyehesabiwa Mswahili, au Mkamba aliyehamia kijiji cha Waislamu, alionekana hana kwao. Katika miji mingi alipewa ruhusa ya kukaa kwa muda tu, na ruhusa hiyo iliweza kuondolewa. Tazameni mambo yaliyotokea Nairobi. Vijiji vya kwanza vya Waafrika, ambavyo vilikuwa na Waislamu wengi na misikiti yao, vilivunjwa kimoja baada ya kimoja. Pumwani ilianzishwa mapema katika miaka ya 1920 ili watu wahamishiwe huko, na kijiji cha Pangani kikavunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Mwenye nyumba aliondoka na bati lake na milango yake. Msikiti hauchukuliki kichwani.

Hapo hapo Nairobi, msikiti mkubwa wa Jamia uliojengwa kati ya 1925 na 1933 umesimama mpaka leo katikati ya mji, una maktaba, na biashara za mabilioni zimeuzunguka pande zote. Tofauti ni nini? Si imani, maana waliosali Pangani walikuwa na imani kama hao. Tofauti ni kwamba Jamia ilikuwa na kiwanja chenye hati, na wadhamini wenye majina yaliyoandikwa. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Yako tena mafunzo katika historia ya vyama. Mwaka 1945 Jumuia ya East African Muslim Welfare Society ilianzishwa Mombasa kwa uongozi wa Aga Khan wa tatu. Desturi yake ilikuwa hii: wenyeji wa mahali wakichanga shilingi moja kwa ajili ya msikiti au shule, na jumuia hutia shilingi moja. Kwa njia hiyo misikiti na shule nyingi zilijengwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1961 makao yake yalihamishiwa Dar es Salaam, na mwaka 1968 ikapigwa marufuku katika Tanzania. Katika Kenya, Baraza Kuu la Waislamu liliundwa mwaka 1973. Angalieni: jumuia huanzishwa na jumuia hufungwa, wafadhili huja na wafadhili huenda, lakini jengo hubaki. Jengo likibaki na karatasi zikapotea pamoja na chama kilichozishika, ugomvi huanza. Mjukuu wa mtoaji husema kiwanja ni cha babu yangu. Mjenzi husema namdai msikiti. Jirani husogeza ua kila mwaka hatua moja. Na wazee waliojua ukweli wamekwisha kuzikwa.

Katika dini jambo hili lina hukumu iliyo wazi. Kitu kilichowekwa wakfu hakiuzwi, hakitolewi zawadi, wala hakirithiwi. Lakini mahakama ya nchi haiwezi kuijua nia ya marehemu kama haikuandikwa wala haina shahidi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imelinda uhuru wa kila mtu kuabudu, na katika Ibara ya 170 imezitambua mahakama za Kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, urithi na hali ya mtu baina ya Waislamu. Iko pia sheria ya wadhamini wa kudumu, ambayo kwayo kundi la watu huandikishwa, likaweza kumiliki ardhi kwa jina la jumuia, hata wadhamini wenyewe wakifa na wengine wakashika mahali pao. Sheria hizi ni kama mwavuli uliofungwa. Haumkingi mtu mvua mpaka aufungue.

Wazee wangu, msifikiri kwamba kuandika ni desturi ya kigeni katika Ukambani. Mwaka 1938, Serikali ya kikoloni ilipowanyang'anya Wakamba ng'ombe zao kwa kisingizio cha kulinda ardhi, maelfu ya watu walitoka wilaya hii wakaenda Nairobi na kukaa huko kwa majuma mengi kudai haki yao. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akahamishiwa Lamu. Lakini watu wale hawakuketi tu. Chama chao kiliandika barua na kupeleka malalamiko mpaka Uingereza, na mwishowe unyang'anyi ule ukaachwa. Umati wa watu ulionekana kwa muda tu, lakini maandishi yao yanasomwa hata leo.

Wala msifikiri kwamba kuchangiana ni jambo tulilofundishwa juzi. Tunayo mwethya. Kwa mwethya wazee na mama zetu walilima, walijenga nyumba za wenzao, na baada ya Vita Kuu ya Pili walichimba makinga ya udongo yaliyoiokoa wilaya ya Machakos isigeuke jangwa. Mwislamu wa Ukambani anapotoa sadaka ya siku moja kubeba mchanga wa msikiti, anafuata dini yake na mila yake kwa pamoja. Sioni mahali mambo hayo mawili yanapogombana.

Basi sasa nafika kwenye ombi langu, nalo lina sehemu nne.

Kwanza, chama kinunue daftari moja kubwa lenye jalada gumu, na kabla mwaka huu haujaisha kiteue vijana wawili wenye mwandiko mzuri, mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Wawaendee wazee wa Mumbuni nyumba kwa nyumba, waandike kila mzee anavyokumbuka: nani alitoa kiwanja, mbele ya mashahidi gani, nani alijenga, nani alikuwa imamu, na baada yake nani, watoto walisomea wapi, nani kazikwa wapi. Wazee wawili wakihitilafiana, yaandikwe maneno ya wote wawili, wala asifutwe mmoja. Na wasiwasahau wazee Wakristo waliokuwa majirani, kwa maana mara nyingi jirani ndiye aujuaye mpaka.

Pili, karatasi zote zinazohusu ardhi ya sala, ya chuo na ya makaburi zikusanywe. Palipo na hati, ipigwe nakala tatu: moja kwa wadhamini, moja kwa chama, na moja kwa wakili. Pasipo na hati, kazi ya kuipata ianze sasa, wakati mashahidi wako hai. Wadhamini waandikishwe kwa sheria, na mmoja akifa jina la mwingine lipelekwe bila ya kukawia.

Tatu, hesabu ya fedha isomwe kwa sauti mara moja kila mwaka, mbele ya watu wote, hata kama ni shilingi mia. Mtu akijua sadaka yake imenunua saruji au mafuta ya taa au sanda, hatachoka kutoa. Akiwa hajui, ataacha kutoa, wala hatasema sababu.

Nne, katika majengo yoyote tutakayoyaongeza tuwatengee mama zetu na vijana mahali pao. Mara nyingi wanawake ndio waliopika futari, ndio waliochota maji ya udhu, ndio walioosha maiti wa kike, na majina yao ndiyo yaliyo machache kabisa katika kumbukumbu. Na kijana asiyekuwa na nafasi katika jumuia ya baba yake atatafuta jumuia nyingine, wala si lazima iwe njema.

Bwana Mwenyekiti, najua mambo haya yana gharama. Lakini daftari halizidi bei ya kuku, na haba na haba hujaza kibaba. Gharama iliyo kubwa ni ile ya kuchelewa. Kila mara tunapochukua jeneza kutoka ukutani, huenda tukamzika pamoja na maiti ushahidi wa mpaka mmoja, au jina la mtu aliyetoa ardhi yake kwa ajili ya Mungu na hakutaka malipo. Watu hao hawakutuomba kuwajengea nguzo za ukumbusho. Walituachia amana, na yatupasa angalau kujua ni amana gani na imetoka mikononi mwa nani.

Naomba mkutano huu, kabla haujafungwa, upitishe azimio juu ya daftari na juu ya wadhamini, na liandikwe katika taarifa ya mwaka huu ili mwakani tuulizane limefikia wapi.

 Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atupe sisi nguvu ya kuyahifadhi waliyotuachia.

Wassalaam.